Mpiga picha wa milimani na utetezi wa njia za miguu: je, mtu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili?

Swali: Nimeajiriwa ofisini, na kila nipatapo likizo hupanda milima nikiwa na kamera. Natamani upigaji picha wa nje uwe ndiyo maisha yangu, na wakati huohuo niwe mtetezi wa njia za watembea kwa miguu, kwa kuwa naziona zikiharibika na nyingine zikifungwa. Je, mambo haya mawili yanapatana, au picha zangu zitazidi kuziumiza njia ninazotaka kuzilinda? Na mtu wa namna hiyo huishi kwa nini? Je, niache kazi?

Jibu: Yanapatana, ila si kwa namna ambayo wengi hudhani. Watu wengi huamini kwamba mpiga picha huitetea njia kwa kuonyesha uzuri wa mahali inakoelekea, na kwamba uzuri huo ukishaonekana na watu wa kutosha, ulinzi utakuja wenyewe. Ukiyafuatilia maisha ya waliofanikiwa utaona jambo jingine: picha nzuri iliwafanya wenye mamlaka wakubali kuwasikiliza, lakini kilichoamua mambo kilikuwa kazi ya ardhini iliyokwenda pamoja na picha hizo, yaani kupima, kuandika, kurudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka, na kukaa katika vikao virefu visivyo na raha yoyote. Asiyeipenda sehemu hiyo ya pili anaweza kuwa mpiga picha hodari wa milima, na hana la kuonea aibu, lakini mtetezi wa njia bado hajawa.

Mtu ambaye maisha yake yanalijibu swali lako karibu lote ni George Masa, Mjapani aliyefika katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mwaka 1915. Aliajiriwa katika hoteli ya Grove Park Inn, na baadaye akawa na studio yake mwenyewe. Riziki yake ilitokana na picha za wageni wa hoteli, familia tajiri, majengo na mandhari za kuuzwa kwa watalii. Muda uliobaki aliupeleka katika milima ya Great Smoky. Alikuwa mtu mfupi na mwembamba, naye alibeba kamera kubwa na nzito ya zama hizo pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, akapanda nayo kwenye migongo ya milima ambako wakati huo hapakuwa na njia ya kueleweka.

Hata hivyo, chombo chake kinachonivutia zaidi si kamera. Masa alichukua gurudumu la mbele la baiskeli pamoja na usukani wake, akafunga mita ya kuhesabu umbali, kisha akawa analisukuma mbele yake porini, juu ya mizizi na mawe, huku akiandika umbali wa kila njiapanda, chemchemi na kilele. Akishirikiana na rafiki yake, mwandishi Horace Kephart, alishughulikia majina ya vilele na vijito vya upande wa North Carolina, ambavyo vingine vilikuwa na majina mawili au matatu na vingine havikuwa na jina lolote, na wote wawili walisaidia kuamua mahali ambapo njia ndefu ya Appalachian Trail ingepita katika safu hiyo. Wazo la njia hiyo lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, ikakamilika kuunganishwa mwaka 1937, na leo ina urefu wa takriban kilomita 3,500 kupitia majimbo 14. Njia ya namna hiyo haipangwi kwa picha ya machweo. Hupangwa na mtu anayeweza kusema kwamba kutoka kwenye chemchemi hii hadi kwenye tandiko la mlima ule, yaani pale mgongo unaposhuka kati ya vilele viwili, ni umbali kadhaa, na kwamba maji hayapatikani hadi ng'ambo ya kilele cha pili.

Picha zake nazo zilifanya kazi yake. Kampuni za mbao zilikuwa zikiikata misitu ya milima hiyo, na waliotaka eneo lifanywe hifadhi ya taifa walihitaji kuwaonyesha watu wa mbali, ambao wasingefika kamwe, kile kilichokuwa hatarini. Mwaka 1928 John D. Rockefeller Jr. aliahidi dola milioni 5 kwa ajili ya kununua ardhi, na hifadhi ilianzishwa mwaka 1934. Masa hakuiona siku hiyo, kwani alifariki Juni 1933 akiwa hana fedha, na wenzake wa klabu ya kupanda milima ndio waliogharimia mazishi. Alitamani kuzikwa kando ya Kephart, aliyekufa katika ajali ya gari mwaka 1931, lakini fedha za kumpeleka huko hazikupatikana. Mwaka 1961 kilele chenye urefu wa zaidi ya mita 1,700, jirani na mlima ulioitwa Mount Kephart, kilipewa jina la Masa Knob. Nasimulia mwisho wake kwa makusudi, na nitaurudia nitakapofika kwenye fedha.

Wapo wengine ambao picha zao ziligusa sheria moja kwa moja. Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite mwaka 1861 akiwa na nyumbu waliobeba vioo vya picha (zama hizo picha ilinaswa juu ya kioo) vya takriban sentimita 46 kwa 56, na picha zake zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowashawishi wanasiasa wa Washington hadi Rais Lincoln akatia saini sheria ya kulilinda bonde hilo mwaka 1864. Mpiga picha Ansel Adams alitumwa na Sierra Club, chama cha uhifadhi, kwenda Washington mwaka 1936 akiwa na picha za Kings Canyon. Kitabu chake cha picha za njia ya John Muir Trail kilitoka mwaka 1938, kikamfikia waziri Harold Ickes na kupitia kwake Rais Roosevelt, na hifadhi ya Kings Canyon ikaanzishwa mwaka 1940. Angalia tarehe hizo. Kati ya safari ya kwanza ya Adams na sheria kuna miaka minne ya barua, vikao na ushawishi wa chama chenye wanachama na wanasheria. Picha haikwenda peke yake.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wenye vipaji wakipoteza nguvu zao. Picha zitakazokuwa na uzito mbele ya halmashauri, mamlaka ya misitu au mwenye shamba kwa kawaida ni picha ambazo usingezitundika ukutani. Ili uzipige vizuri ni lazima kwanza uelewe namna njia inavyoharibika.

Adui mkubwa wa njia ni maji. Miguu huanza kwa kuondoa majani na kuushindilia udongo. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji tena, na mvua ikinyesha maji hutafuta mahali pa kupita, yakakuta mkondo umeshaandaliwa. Ikiwa njia inapanda moja kwa moja kwenye mteremko badala ya kuukata kwa mshazari, haina upande wa kuyamwaga maji hayo, hivyo hugeuka mfereji. Ndiyo maana wajenzi wa njia hufuata kanuni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inaoukata, na kwamba kwa wastani usipite kiasi cha asilimia 10, huku ukingo wa nje ukiwa chini kidogo kuliko ule wa ndani ili maji yatoke. Mfereji ukishachimbika, mtembeaji hukwepa mawe na matope kwa kukanyaga pembeni, majani ya pembeni nayo yanakufa, njia inapanuka, na baada ya misimu michache unakuta vijia vitatu au vinne sambamba vikipanda mlima mmoja. Mtu asiyejua husema watembeaji wamezidi. Mara nyingi njia ilichorwa vibaya tangu mwanzo, na kupunguza watu bila kuihamisha hakutaponya chochote.

Picha ya kulithibitisha hilo hupigwa kwa utaratibu. Chagua mwamba usiosogea, simama hapohapo kila mara, tumia urefu uleule wa lenzi na kimo kilekile cha kamera, na uelekeo ulioupima kwa dira na kuuandika. Weka ndani ya picha fimbo iliyochorwa sentimita, kwani bila fimbo mtazamaji hawezi kujua kama korongo lina kina cha kiganja au cha kiuno. Rudi msimu uleule, na kama unaweza rudi mara baada ya mvua, wakati maji yenyewe yanakuonyesha yanakopita. Kuhusu mwanga, sahau saa ya dhahabu, yaani ule muda jua linapochomoza au kuzama: jua la pembeni huchora kingo za mfereji vizuri, lakini hutia giza chini yake na hubadilika kila dakika, hivyo picha mbili za miaka miwili haziwezi kulinganishwa. Siku yenye mawingu mepesi hukupa mwanga sawa kila unaporudi. Piga pia vitu vidogo ambavyo hakuna anayevitazama: gogo la kukinga maji lililojaa mchanga hadi juu na sasa linarukwa na maji, mzizi ulioning'inia hewani kwa sababu udongo uliokuwa chini yake umekwenda, alama ya njia iliyomezwa na gome la mti. Mfululizo wa picha za namna hiyo, kila moja na tarehe na mahali pake, ndiyo nyaraka ambayo mhandisi anaweza kuitumia kukadiria gharama.

Umeuliza kama picha zako zitaziumiza njia. Zinaweza, na wasiwasi wako una msingi. Jiwe la Trolltunga nchini Norway limechomoza takriban mita 700 juu ya ziwa la Ringedalsvatnet, na kulifikia kulihitaji mwendo wa kutwa nzima. Mwaka 2010 walikwenda watu wapatao 800. Mwaka 2016 inakadiriwa walifika 80,000, wakivutwa kwa sehemu kubwa na picha ileile, mtu mmoja amesimama peke yake kwenye ncha ya jiwe, ilhali nyuma ya kamera kulikuwa na foleni. Njia ililemewa na matope na taka, na waokoaji walilazimika kupanda kila mara kuwafuata watu waliochoka au kulowa. Picha hiyo haikuwa na uongo ndani yake, ila iliacha nje urefu wa safari, baridi, na wale wengine wote.

Kutokana na mambo ya namna hiyo, mwaka 2018 kituo cha Leave No Trace cha Marekani, kinachofundisha kutembea porini bila kuacha madhara, kilitoa mwongozo unaowataka watu wafikiri kabla ya kutaja mahali hasa picha ilipopigwa. Kumbuka kwamba simu na kamera nyingi huandika viwianishi vya mahali ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo kutolitaja jina hakutoshi. Ni lazima uvifute kabla ya kulituma. Lakini sikubaliani na wanaoficha kila kitu. Njia isiyojulikana haina wa kuitetea siku mwenye ardhi anapoweka ua, na isiyokanyagwa humezwa na vichaka ndani ya misimu michache. Kigezo ninachokitumia ni uwezo wa njia kubeba watu: ikiwa imejengwa kwa mawe, ina mifereji na ina anayeihudumia, naitaja kwa jina na kueleza saa zinazohitajika na mahali penye hatari, ikiwa ni kijia kinachopita kwenye kinamasi au karibu na viota, naitaja wilaya au safu ya milima tu. Nikiwa na shaka nawauliza wanaoitunza, na jibu lao nalifuata hata kama linaninyima picha. Na kamwe usimpige picha mtembeaji aliyesimama nje ya njia kwenye maua kwa sababu tu rangi zimependeza, maana watakaoiona picha hiyo watajifunza kwamba hapo ndipo pa kusimama.

Kwa upande wa utetezi wenyewe, jiandae kwa miongo. Mwandishi wa habari Tom Stephenson alitoa wito wa kuwa na njia ndefu kwenye uti wa milima ya Pennines, Uingereza, katika makala ya gazeti mwaka 1935. Mwaka 1948 aliwachukua wabunge akatembea nao kwa miguu juu huko, mbinu ambayo naiona bora kuliko maonyesho yoyote ya picha, kwa kuwa mbunge aliyelowa miguu huuliza maswali ya maana. Sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani ilipitishwa mwaka 1949, na njia ya Pennine Way, yenye kilomita zipatazo 430, ikafunguliwa Aprili 1965. Miaka 30 ilipita kati ya makala na ufunguzi, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika mazungumzo ya kipande kwa kipande na wenye ardhi.

Hao wenye ardhi usiwafanye maadui kabla hawajasema neno. Mkulima anayekataa njia ipite kwake mara nyingi ana hoja za kweli: mageti yanayoachwa wazi, mbwa wanaofukuza kondoo, taka, na hofu ya kushtakiwa mtu akiumia. Mwendee bila kamera shingoni, msikilize, na usichapishe picha ya nyumba yake bila ruhusa. Wakati huohuo soma sheria ya mahali unapofanyia kazi, kwani huko ndiko picha za kawaida kabisa hupata thamani isiyotarajiwa. Katika Uingereza na Wales, kwa mfano, Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 inasema kwamba njia iliyotumiwa na umma kama haki yao kwa miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa huchukuliwa kuwa imekwisha kutolewa kwa umma, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kutosha kwamba mwenye ardhi hakukusudia hivyo. Katika mgogoro wa namna hiyo, picha ya zamani ya familia ikivuka geti, iliyoandikwa tarehe nyuma, inaweza kusaidia kuliko picha elfu moja za vilele. Kwa hiyo waombe wazee wa eneo lako wakuonyeshe albamu zao.

Nimefika kwenye fedha. Picha za mandhari peke yake huwalisha watu wachache sana, na hali haikuwa tofauti zamani. Watkins, ambaye kazi yake ilitangulia hifadhi ya Yosemite, alifilisika katika miaka ya 1870, na vioo vya picha zake vikachukuliwa na waliomdai, wakaendelea kuzichapisha na kuziuza picha hizo; vile alivyovipiga upya kwa jasho viliteketea katika moto uliofuata tetemeko la San Francisco mwaka 1906, na mwaka 1916 akafia hospitalini akiwa kipofu na maskini. Mwisho wa Masa nimekwisha kuutaja. Wote wawili walikuwa mahiri, na wote wawili hawakuwa na namna ya kuilinda kazi yao dhidi ya mwaka mmoja mbaya.

Wanaodumu huchanganya mapato: kufundisha, kuongoza warsha, kazi za kutumwa na magazeti au wachapishaji wa ramani na vitabu vya mwongozo, kuuza chapa za ukutani, na mara nyingi kazi za harusi au majengo ambazo hawazitaji hadharani. Hakimiliki usiiuze, toa leseni, na kwenye mkataba iandikwe wazi picha itatumika wapi, kwa muda gani, na kama mwingine naye anaweza kupewa. Chama kinachotetea njia unaweza kukipa picha bure, lakini hilo pia liandikwe, pamoja na sharti kwamba hazitauzwa. Pia kuna mgongano wa masilahi ambao utakukuta mapema kuliko unavyofikiri: mwenye hoteli ya mlimani anakulipa upige picha, na mwezi unaofuata unaitwa kutoa maoni kuhusu barabara anayotaka kuijenga juu ya njia ya zamani. Ama ukatae malipo hayo, ama uyataje mwenyewe mwanzoni mwa kikao kabla mtu mwingine hajayataja. Mtetezi akishaonekana amenunuliwa, picha zake zote za nyuma hutiliwa shaka.

Basi, kazi usiiache sasa. Mshahara wako ndio unaokupa uhuru wa kusema usilolipwa kulisema, na utetezi wa njia unahitaji uhuru huo kuliko unavyohitaji muda wako wote. Chagua njia moja, iliyo karibu kiasi kwamba unaweza kuifikia katika mapumziko ya mwisho wa wiki, jiunge na wanaoitunza, na uende nao siku ya kuzibua mifereji ukiwa na koleo kabla ya siku utakayokwenda na kamera. Weka vituo vyako vya kupigia picha, vichache, na uvirudie kwa misimu yote ya mwaka. Andika ripoti fupi yenye picha, vipimo na ramani, iwasilishe kwa mamlaka inayohusika, na ufuatilie hadi upate jibu la maandishi. Nakala za kila kitu ziwe mahali pawili, na chama kiwe na moja kati ya nakala hizo, ili ukihama au ukiugua mwingine aendelee kutoka pale ulipoishia. Mwaka huo ukiisha, utajua kama ulichokipenda ni milima tu au na kazi hii pia, na hapo suala la kuacha ajira unaweza kulipima kwa hesabu ya mapato uliyokwisha kuyaona.